Jaji anayepigiwa kura: safari ya Shirley Abrahamson na swali lililonishinda kujibu

Binti wa Chumbageni, Tanga

Salaam kwenu nyote, na shikamooni wakubwa zangu mlio humu.

Nimehitimu shahada ya sheria na ninasubiri kujiunga na mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Katika kipindi hiki cha kusubiri, kila Jumamosi asubuhi hukaa na wasichana kumi na wawili wa kidato cha tatu na cha nne wa shule moja ya sekondari hapa mjini, tukazungumza kuhusu kazi za sheria. Mahakama ya Rufani ilipokuja kufanya kikao chake Tanga, niliomba ruhusa nikawapeleka, wakaketi viti vya nyuma na kuwaona majaji watatu wakisikiliza rufani ya jinai. Kesi yenyewe hawakuifuata sana. Walitoka na swali moja ambalo hadi leo hawajaliacha: yule mama aliyeketi mkono wa kulia wa kiongozi wa jopo alifikaje pale?

Habari za majaji wetu nimewapa kadiri ninavyozijua, kisha nikaona niwatafutie pia mfano wa nje, mtu ambaye safari yake ya kazi imeandikwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nikampata Shirley Abrahamson, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, Marekani. Alizaliwa jijini New York mwaka 1933, wazazi wake wakiwa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland waliokuwa na duka la vyakula. Mwaka 1956 alimaliza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Indiana akiwa wa kwanza darasani, naye ndiye mwanamke pekee katika darasa hilo, na bado aliambiwa asitarajie kuajiriwa na ofisi za mawakili kwa sababu ya uanamke wake. Alihamia Madison, makao makuu ya Wisconsin, akapata shahada ya uzamivu ya sheria mwaka 1962, akaingia ofisi ya mawakili na kufanya kazi humo miaka 14 huku akifundisha chuo kikuu. Mwaka 1976 gavana wa jimbo, Patrick Lucey, alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, akawa mwanamke wa kwanza kuketi humo. Hadi mwaka 1993, yaani kwa miaka 17, alibaki mwanamke peke yake kati ya majaji saba. Mwaka 1996 akawa Jaji Mkuu wa jimbo. Alipoondoka mwaka 2019 alikuwa ametimiza miaka 43 kazini, muda ambao hakuna jaji mwingine wa mahakama ile aliyewahi kuufikia, na alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 87.

Wasichana walinisikiliza kwa utulivu nisiouzoea, mpaka nilipofika mahali pa kura. Niliwaeleza kwamba mwaka 1979, 1989, 1999 na 2009 jaji huyu alisimama mbele ya wapiga kura akiomba aendelee kuwa jaji, kama mbunge wetu anavyorudi kwa wananchi. Mmoja wao akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama mwenye kesi ndiye aliyemchangia fedha za kampeni, atamhukumu vipi? Na kama ni yule aliyempinga?" Sikuwa na jibu, na sikutaka kubuni mbele ya watoto wanaoniamini.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Inawezekanaje mtu aombe kura na bado aaminiwe kuwa jaji? Na je, ni halali kumweka mama huyu kuwa kielelezo kwa wasichana ambao njia yao, wakijaliwa, itakuwa ya kuteuliwa na si ya kupigiwa kura?

Wakili wa Ngamiani, Tanga

Ndugu Binti wa Chumbageni, nakupongeza kwa kukiri mbele ya wanafunzi kwamba hujui, kwa sababu mawakili wengi huchukua miaka kujifunza kusema hivyo mbele ya jaji.

Niruhusu nianze na jina la mahakama, maana hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Ukisema Mahakama ya Juu ya Marekani, watu hufikiria ile ya Washington yenye majaji tisa. Abrahamson hakuwa huko. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina katiba yake na mahakama zake, na juu kabisa ya ngazi hiyo ipo mahakama ya mwisho ya jimbo. Texas na Oklahoma zina mbili kila moja, ya madai na ya jinai, hivyo jumla yake ni 52. Majina nayo hupotosha: katika jimbo la New York mahakama inayoitwa ya Juu ni ile inayosikiliza mashauri kwa mara ya kwanza, na ya mwisho kabisa huitwa ya Rufani. Mtu akija kwako na kusema "jaji wa mahakama ya juu ya New York", muulize kwanza ni ipi.

Usidhani kwamba kuwa jaji wa jimbo ni kuwa jaji mdogo. Zaidi ya asilimia 90 ya mashauri ya nchi ile hufunguliwa katika mahakama za majimbo: mauaji, talaka, mirathi, mikataba, ugomvi wa mipaka ya viwanja. Na pale ambapo hukumu imesimama juu ya katiba na sheria za jimbo peke yake, neno la mahakama ya jimbo ndilo la mwisho, hata mahakama ya Washington haiwezi kulitengua. Jambo hili Abrahamson alilishika na kuliandikia sana: kwamba katiba ya jimbo inaweza kumpa raia ulinzi mpana kuliko ule wa katiba ya taifa. Mfano mzuri wa kuwapa wasichana wako unatoka katika mahakama yake hiyohiyo kabla ya kuzaliwa kwake. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kwamba kaunti lazima imlipe wakili anayemtetea maskini aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa. Mahakama ya Washington ililazimisha majimbo yote kuwapa maskini mawakili mwaka 1963. Mtu maskini wa Wisconsin alitangulia kwa miaka 104. Sisi tumekuwa na sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai tangu 1969, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeupanua msaada huo, kwa hiyo wanafunzi wako wanaweza kuona kwamba swali hilo si geni kwetu.

Sasa njia ya kufika. Hakuna njia moja. Massachusetts, ambayo mahakama yake ya juu imefanya kazi bila kukatika tangu 1692, majaji huteuliwa na gavana na kukaa hadi umri wa miaka 70. Rhode Island hawana ukomo. Missouri walianza mwaka 1940 utaratibu ambao majimbo mengi yameuiga: kamati huchuja majina, gavana huchagua moja kati ya hayo, na baada ya muda wananchi huulizwa swali moja tu, abaki au aondoke, bila mpinzani. Wisconsin wana uchaguzi wa moja kwa moja, mtu dhidi ya mtu, bila jina la chama kwenye karatasi ya kura, kwa kipindi cha miaka kumi, na hairuhusiwi kuchagua zaidi ya jaji mmoja katika mwaka mmoja. Sifa ya msingi ni kuwa wakili mwenye leseni ya jimbo kwa miaka mitano. Zingatia kwamba Abrahamson hakuwahi kuwa hakimu hata siku moja kabla ya kuteuliwa. Alitoka uwakili na ualimu moja kwa moja. Zingatia pia kwamba hakuingia kwa kura. Kiti kilikuwa wazi, gavana akamteua, na miaka mitatu baadaye ndipo akaenda kwa wananchi. Katika majimbo yanayochagua majaji, wengi huingia kwa mlango huohuo.

Kuhusu swali la mwanafunzi wako, jibu la kisheria lina neno moja zito: kujiondoa, yaani jaji kuacha kusikiliza shauri linalomgusa. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri lililotoka West Virginia. Kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa imeamriwa na baraza la wazee wa mahakama ilipe dola milioni 50. Wakati rufani inasubiriwa, mkuu wa kampuni hiyo alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja aingie Mahakama ya Juu ya jimbo. Mgombea akashinda, akakataa kujiondoa, na kura yake ikawa miongoni mwa tatu zilizoifutia kampuni deni, dhidi ya mbili. Washington wakasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alipaswa kujiondoa, kwa kuwa hatari ya upendeleo ilikuwa kubwa mno kuweza kuvumiliwa na katiba.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo kila jimbo lingekaza kanuni zake. Wisconsin mwaka 2010 walipitisha kanuni kwamba mchango wa kampeni peke yake haumlazimishi jaji kujiondoa. Ilipita kwa kura 4 dhidi ya 3, na Abrahamson, aliyekuwa Jaji Mkuu, alikuwa miongoni mwa wale watatu waliokataa. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba swali lake lilijadiliwa na majaji saba watu wazima, nao hawakuafikiana.

Karani Mstaafu, Bagamoyo

Marahaba, binti yangu. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 31, nikaanzia Mahakama ya Mwanzo na kumalizia katika masijala ya mahakama ya wilaya, na sasa nimepumzika hapa Bagamoyo. Sina shahada kama ninyi. Nina macho yaliyowatazama mahakimu kwa muda mrefu, kutoka kiti ambacho watu wengi husahau kwamba kina mtu.

Nitakueleza jambo moja nililoliona mwenyewe. Nilifanya kazi na hakimu mmoja, simtaji jina kwa kuwa hakupenda kutajwa hata alipokuwa hai. Alikuwa akienda mwenyewe sokoni kununua samaki, hamtumi mtu, kwa sababu alisema akimtuma mtu hatajua samaki amepunguzwa bei kwa ajili ya nani. Siku moja mvuvi aliyekuwa na shauri la mirathi mbele yake alimwachia jodari mzima mlangoni alfajiri, wala hakuacha salamu. Hakimu aliniita nyumbani kwake kabla sijanywa chai. Tukaandika maelezo mafupi, mimi nikasaini kama shahidi, samaki akarudishwa siku ileile. Siku ya shauri akasimama, akazieleza pande zote mbili kilichotokea, akauliza kama kuna mwenye pingamizi asiendelee kulisikiliza. Upande wa pili wakasema hawana. Mvuvi alishinda shauri lile, kwa haki kabisa, na walioshindwa hawakukata rufani.

Samaki mmoja alihitaji maelezo ya maandishi, saini mbili na tangazo mahakamani. Sasa ninyi mnanieleza habari ya dola milioni 3. Wakili amelieleza vizuri, nami nimemwelewa, lakini moyo wangu haukubali. Jaji anayejua kwamba mwaka ujao ana uchaguzi, hata akiwa mwadilifu kama malaika, kuna siku atashika kalamu na mkono utakuwa mzito. Na si fedha tu. Kule California mwaka 1986 wananchi walimwondoa Jaji Mkuu wao, Rose Bird, pamoja na majaji wenzake wawili, Cruz Reynoso na Joseph Grodin. Bird alikuwa amepiga kura ya kutengua hukumu ya kifo katika kila shauri la namna hiyo lililomfikia, zaidi ya mashauri 60. Watu walikuwa na hasira, na hasira ya watu kuhusu mauaji ninaielewa, nimewaona ndugu wa marehemu wakilia mbele ya dirisha langu la masijala. Ila jaji aliyewekwa asikilize kila mtu kwa utulivu hawezi kuondolewa kwa sababu uwanja umechafuka.

Kwetu mtu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, baada ya kuwa na sifa zinazotakiwa kwa muda usiopungua miaka kumi, na akishakuwa Jaji wa Mahakama Kuu hukaa hadi umri wa miaka 60, na wa Rufani hadi 65. Hakuna anayempigia kampeni. Wazee wangu walinisimulia zama za maliwali na makadhi, kabla ya sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 kuunganisha mfumo wote, wakati mwamuzi alikuwa mtu wa serikali na mtu wa mji kwa pamoja, akialikwa kila harusi. Tulitoka huko kwa makusudi. Sioni kwa nini tuwapendezeshee watoto njia ya kurudi barazani kuomba.

Mpangani wa Milwaukee

Shikamoo Mzee Karani. Nimezaliwa Pangani, nikasomea Tanga mjini, na tangu mwaka 2003 naishi Wisconsin, nikifanya kazi ya uuguzi. Naandika kwa sababu nilimpigia kura jaji huyu mnayemzungumzia, mwezi Aprili mwaka 2009, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpigia kura mtu wa mahakama.

Niliona haya, Mzee wangu, sikufichi. Nilisimama na karatasi mkononi nikajiuliza mimi ni nani hata nimchague jaji. Nilikuwa nimelelewa kwamba mahakama ni mahali unapopita ukiwa umeinamisha kichwa. Mgonjwa wangu mmoja, mzee wa hapahapa mwenye asili ya Kijerumani, alinieleza jambo lililonisaidia: kwamba miaka kumi ni mirefu, na mtu akiandika hukumu kwa miaka kumi huwa ameshajianika, kila mwenye kutaka kumjua anaweza kusoma alichokiandika. Abrahamson alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka 30 wakati ule. Alishinda kwa karibu asilimia 60.

Kuna mambo mawili kuhusu utumishi wake ambayo Binti hakuyataja na ambayo mimi nayathamini. La kwanza ni kwamba tangu mwaka 1993 mahakama yao huondoka Madison mara kwa mara na kwenda kusikiliza mashauri katika kaunti nyingine, ndani ya mahakama za kawaida, watu wa mitaa hiyo wakiketi na kutazama, wakiwamo wanafunzi. Niliposoma kwamba wasichana wenu waliketi nyuma wakati Mahakama ya Rufani ilipokuja Tanga, nilifurahi sana, kwa sababu ni jambo lilelile. La pili ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 aliongoza tume ya kitaifa iliyochunguza jinsi ushahidi wa vinasaba unavyopaswa kutumika mahakamani. Mumewe alikuwa mtaalamu wa elimu ya vinasaba, na nadhani chakula cha usiku katika nyumba ile kilikuwa na mazungumzo ya maana.

Lakini yaliyompata mwaka 2015 ndiyo yaliyoniumiza. Tangu mwaka 1889 katiba ya jimbo ilisema kwamba Jaji Mkuu ni yule aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake, basi, hakuna wa kumchagua. Aprili 2015 wananchi waliulizwa kama wabadilishe ili majaji saba wachaguane wenyewe. Wengi walisema ndiyo, na kabla ya mwezi kwisha wenzake walio wengi walikuwa wamemchagua Patience Roggensack kuwa Jaji Mkuu. Abrahamson alikuwa na umri wa miaka 81. Alifungua shauri katika mahakama ya shirikisho akidai kwamba kipindi alichochaguliwa mwaka 2009 kilikuwa kipindi cha Jaji Mkuu, na kwamba badiliko lisimguse hadi kiishe. Alishindwa. Rufani aliiacha mwaka huohuo.

Mtu mwingine angeondoka siku ile. Yeye alirudi kwenye kiti cha kawaida, pamoja na wale waliomtoa, akaendelea kuandika kwa miaka minne zaidi, mara nyingi akiwa upande wa wachache. Mimi kama muuguzi najua ilivyo kurudi zamu na mtu aliyekuvua uongozi. Hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo ningewasomea wasichana kwanza.

Kuhusu fedha, Mzee Karani una haki ya kuhofu, na hofu yako ni ndogo kuliko hali ilivyo sasa. Uchaguzi wa jaji mmoja wa Wisconsin wa Aprili 2025 ulitumia zaidi ya dola milioni 90 kwa pande zote, na hakuna uchaguzi wa jaji uliowahi kugharimu kiasi hicho nchini Marekani. Kwa wiki kadhaa hatukuweza kufungua televisheni bila kuona jaji akiitwa mtetezi wa wahalifu. Nilizima, nikaweka taarabu.

Mwalimu wa Uraia, Korogwe

Naomba kuongeza neno moja tu. Mzee wangu Karani, simulizi ya jodari nitaitumia darasani kwa ruhusa yako. Lakini aliyeteuliwa naye ana aliyemteua. Kama tunasema mpiga kura anaweza kuufanya mkono wa jaji kuwa mzito, kwa haki tuulize swali hilohilo kuhusu yeyote anayeshika kalamu ya uteuzi, kwetu au kwao. Naona swali la mwanafunzi halikomei kwenye kura. Linauliza jaji analindwa na nini siku anayoamua kinyume cha aliyemweka pale.

Karani Mstaafu, Bagamoyo

Mwalimu, ruhusa umepata, na neno lako nimelipokea. Nimelala nalo usiku mzima.

Nimemkumbuka marehemu Jaji Mkuu Francis Nyalali. Aliteuliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1977 akakaa hadi mwaka 2000, miaka 23, chini ya marais watatu. Mwaka 1991 alipewa tume ya kukusanya maoni kama nchi iendelee na chama kimoja au iruhusu vyama vingi. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume yake ikapendekeza vyama vingi, ikisema kwamba wale wachache nao wana haki ya kusikilizwa, na pendekezo hilo likakubaliwa mwaka 1992. Nilikuwa kijana masijala wakati ule, na nakumbuka tulivyobishana. Mtu ambaye hakuingia kwa kura alipendekeza wananchi wapewe kura yenye uchaguzi ndani yake, na alifanya hivyo kinyume cha hesabu ya vichwa.

Kwa hiyo ninarudi nyuma nusu hatua, Mwalimu. Kura bado siipendi. Lakini Nyalali aliweza kwa sababu hakuna aliyeweza kumwamsha asubuhi na kumwambia kazi imekwisha; Katiba inataka tume maalumu ichunguze kwanza kabla jaji hajaondolewa, na si kwa hukumu aliyoandika. Mama wa Wisconsin naye, nikisoma habari ya Mpangani, aliweza kwa sababu alikuwa na miaka kumi mkononi, na baada ya hapo kwa sababu hakuogopa kukaa peke yake. Hilo la pili halimo katika katiba yoyote.

Binti wa Chumbageni, Tanga

Nawashukuru mno. Nimesoma kila neno mara mbili, na mengine nimeyanakili katika daftari langu la Jumamosi.

Nimeamua nitafanya hivi. Sitaanza na orodha ya vyeo vyake. Nitaanza na mwaka 2015, kama dada yangu wa Milwaukee alivyosema, kisha nirudi nyuma hadi duka la vyakula la wazazi wake. Baada ya hapo nitawapa shauri la jodari, kwa kulibadilisha kidogo: hakimu hakumrudisha samaki, alimla, kisha akampa mvuvi ushindi, na upande wa pili umekata rufani. Wasichana saba watakuwa majaji, wawili watasimama kwa mrufani na wawili kwa mjibu rufani, na mmoja atakuwa mvuvi mwenyewe. Kila jaji ataandika uamuzi wake kwa mkono na kutia jina lake chini, na nitawaonya mapema kwamba asiyekubaliana na wenzake asifute alichoandika.

Hapo ndipo nina ombi kwa Wakili. Nataka waandike kwa Kiswahili, hasa kwa kuwa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Hukumu ya jaji aliyetofautiana na wenzake tuiteje? Katika kikao tulichohudhuria majaji watatu walikuwa na uamuzi mmoja, kwa hiyo hawajawahi kuiona.

Wakili wa Ngamiani, Tanga

Katika korido zetu bado tunatumia neno la Kiingereza, nami naona aibu kulikiri hilo. Wapo wanaosema hukumu kinzani. Kwangu neno hilo linasikika kama ugomvi, ilhali jaji wa namna hiyo hagombani na mtu, anaeleza alichokiona ambacho wenzake hawakukiona. Ningewaambia waandike juu ya karatasi "Maoni yangu tofauti", na jina lao chini yake. Wakipata neno bora kuliko hilo, nijulishe, nitalitumia mahakamani.

Karani Mstaafu, Bagamoyo

Binti, umepanga majaji, mawakili na mvuvi, lakini mahakama yako haina karani. Nani atapokea maamuzi hayo saba, kuyagonga muhuri na kuyasoma majina? Nina mjukuu wangu hapo Tanga, Makorora, ambaye nimemwahidi muda mrefu kwamba nitamtembelea. Nitapanda basi Ijumaa asubuhi. Nijulishe shule ipo mtaa gani na mnaanza saa ngapi.